Nilivaa Kabla ya Watoto

Keki mliyoniagia kiwandani nilipostaafu ilikuwa tamu, sina neno, ingawa sukari yake ilinikaa kwenye jino siku mbili. Furaha ndiye aliyeagiza iandikwe juu yake kwa rangi ya bluu, herufi kubwa: hard-wearing. Mlicheka, nikacheka, tukapigwa picha. Nikakata kipande cha kwanza katikati ya neno na kumpa dereva, kwa kuwa yeye peke yake hakuwa amehutubu. Kisha nikarudi nyumbani Troyeville, nikakaa kitandani na viatu vyangu mguuni, nikalia.

Msione vibaya. Nililia kwa sababu lile neno nimelifanyia kazi tangu nilipokuwa na meno yote, na palepale mbele ya keki niligundua kwamba hakuna hata mmoja wenu anayejua lilivyokuwa likipatikana. Kosa si lenu, mmelikuta tayari limeshonwa. Usione vyaelea, vimeundwa. Basi nimeona niwaandikie, tena kwa Kiswahili, maana nje ya kiwanda kile sina wa kuzungumza naye lugha hii.

Mnaniita Mama Nomsa, na wengine mnadhani nilizaliwa chini ya meza ya kukatia. Nilizaliwa Morogoro. Baba Nomsa alikuwa mmoja wa wale vijana wa Afrika Kusini waliokuja kwetu kupigania nchi yao kwa mbali, na sisi wakatuoa kwa karibu. Nchi ilipofunguka tukaja Johannesburg. Watu husema tulirudi. Yeye alirudi, mimi nilikwenda.

Kiwanda kilikuwa palepale kilipo sasa, Doornfontein, kikishona sare za shule vilevile, lifti ikiwa mbovu kama ilivyo sasa. Mwenye mali alikuwa mzee Pillay, baba yake huyu mnayemjua ninyi. Lakini aliyetawala alikuwa MaSibeko, mkataji mkuu, mama wa Kizulu mwenye kifua kikubwa na miwani iliyofungwa kwa uzi wa cherehani. Siku ya kwanza hakunipa mkasi. Alinipa utepe wa lebo, nizikate moja moja. Juu yake palikuwa na jina la kiwanda, chini yake neno hilo. Nilikata lebo mchana kutwa bila kujua nilikuwa nakata nini. Kiingereza changu kilikuwa cha shuleni, na shuleni hatukufika huko.

Jioni nikamuuliza Baba Nomsa. Akasema, "Ah, maana yake imara tu." Kesho yake nikaenda kwa MaSibeko nikiwa nimevimba kichwa, nikamwambia nimejua, neno lile maana yake kitu chenye nguvu. Akanitazama juu ya miwani.

"Ukuta una nguvu," alisema. "Nani anavaa ukuta?"

Akaenda nyuma ya majora ya kitambaa, akarudi na sketi ya kijani, ya kukatwa kama ya wasichana wa sekondari lakini kwa kipimo cha mtu mzima. Akanitupia. "Vaa hii. Vaa kuja kazini, vaa kwenda sokoni, vaa kanisani. Ikichafuka ifue, ikikauka ivae. Usiache mpaka nikwambie."

Nilidhani ananipa zawadi, nikampigia magoti kama tunavyofanya kwetu. Wanawake wote mezani wakacheka. Haikuwa zawadi, ilikuwa kazi, na ndiyo kazi niliyoifanya mpaka mliponikatia keki.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Kitambaa kipya kikija, kabla hakijapewa neno lile, MaSibeko alikata sketi moja na mmoja wetu akaivaa miezi mingi. Hakukuwa na namna nyingine. Unatembea nayo, unasukumana nayo kwenye teksi, daladala za huku, unapiga deki nayo, unaifua kwa sabuni ya mche na kuianika juani mpaka ikauke ikawa ngumu. Siku ikifika unaivua nyuma ya pazia, naye anaipeleka dirishani. Anaingiza mkono ndani, anaitanua juu ya vidole, anatazama mwanga unapopenya. Anatazama makalio, mdomo wa mfuko, mshono wa ndani ya mapaja, pindo. Ikifaulu, lebo yenye neno inashonwa. Isipofaulu, sare zinauzwa vilevile, lakini kwa lebo tupu yenye jina la kiwanda peke yake. Mzee Pillay alikubali utaratibu huu kwa shingo upande, lakini alikubali.

Mwanzoni tulikuwa tukipokezana. Baadaye ikawa mimi tu. Nilimuuliza kwa nini, nikitumaini atasema mimi ni mwaminifu. "Unatembea kwa miguu," alisema, "na mapaja yako yanasuguana vizuri." Wifi zangu wa Soweto nao walikuwa wameyasema mapaja yangu, ila si kwa kuyasifu.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza neno, kwa kuvaa. Nikazijua tabia zake. Linasemwa juu ya suruali ya shule, zulia la koridoni, soli ya kiatu. Halisemwi juu ya gauni la harusi, hata kama limeshonwa kwa kitambaa cha turubai, kwa sababu gauni la harusi halina kesho. Halisemwi juu ya kitu kilichofungiwa sandukuni. Bibi yangu alikuwa na kitenge alichokiweka sandukuni tangu ujana wake, na kilitoka kizima siku ya mazishi yake; MaSibeko nilipomsimulia alitikisa kichwa. "Hicho hakijadumu," alisema. "Hicho kimejificha." Kijana Pillay aliporudi kutoka chuoni alitaka tuandike kwenye tangazo kwamba sare zetu haziharibiki kamwe. MaSibeko akamwambia hilo ni neno la makaburini, aliache huko huko. Kila kitambaa kinakufa, mwanangu, alisema. Sisi tunaahidi tu kwamba kitakufa kazini.

Sasa niwasimulie kitambaa cheusi, kwa sababu ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote.

Baba Nomsa alikufa kwa kifua. Aliumwa kwa muda mrefu, akafa haraka. Nomsa alikuwa bado shule. Sitawaeleza mazishi, mazishi yanafanana. Baada yake wifi yangu mkubwa, dada Thoko, alinikalisha kwenye godoro na kunieleza mila. Makoti, alisema, maana hivyo ndivyo walivyoniita kwa Kizulu, mke wa nyumbani; makoti, mwaka mzima utavaa nyeusi. Hutavaa kitu kingine juu yake. Mwaka ukiisha tutakuvua, na nguo tutaichoma moto, kusibaki hata uzi, ili msiba usikufuate. Kwetu Morogoro tunaomboleza kwa namna yetu, lakini mgeni ni mgeni hata akizaa. Nikaitikia.

MaSibeko alikuja Jumamosi iliyofuata, amebeba mfuko wa plastiki. Alikaa, akanywa chai, akatoa gauni jeusi la mikono mirefu. Lilikuwa limeshonwa vizuri sana, na ndani lilikuwa na bitana. Alinong'ona, maana wifi zangu walikuwa jikoni.

"Hiki ni kile cheusi kipya. Cha sketi za mwakani. Ukitaka nikushonee cha dukani, nitakushonea, wala sitakuuliza tena."

Nilikishika. Sikuwa na nguvu ya kukasirika, na nikaona afadhali. Niliona mwaka ule mzima mbele yangu kama shimo, halafu mtu akanipa kazi ya kufanya humo ndani. Nilimwambia, "Kitavaliwa." Yeye akasema, "Najua kitavaliwa. Ndilo linalonitisha."

Nilikivaa. Nilipanda nacho kilima cha Troyeville asubuhi na jioni. Kwenye teksi watu waliacha kiti kimoja kati yangu na wao, maana mjane hakaliwi karibu. Kwenye robot, taa za barabarani, wauza karanga hawakunisemesha. Nililala nacho siku zile ambazo sikuona sababu ya kuvua. Usiku ule mmoja tu kwa wiki nilipokifua, nilijifunga kanga na kukingoja kikauke, nikajiona niko uchi mbele ya dunia. Viwiko niliviegemeza mezani sana mwaka ule. Nomsa alikuwa akirudi kutoka shule ananisalimu kwa Kizulu, ananikuta nimeegemea palepale aliponiacha.

Mwaka ulipoisha tukaenda Soweto kwa dada Thoko. Uani paliwashwa moto. Mimi nilikuwa na jambo moja rohoni: gauni halijatazamwa. Mila ilisema lichomwe, kiwanda kilitaka lirudi. Sikuthubutu kusema. Ndipo MaSibeko akaingia getini, amevaa kofia ya kanisani, akasalimia kila mtu kwa cheo chake, kisha akanijia pale nilipokuwa nimesimama katikati ya wanawake. Akaweka mikono yake kwenye viwiko vyangu, akavibonyeza. Akashuka ubavuni, polepole. Akapiga magoti kwa shida, akashika pindo, akaligeuza, akaliegemeza shavuni mwake kwa muda. Akazunguka nyuma. Wifi zangu waliinamisha vichwa. Mmoja akasema amina. Dada Thoko mwenyewe alikuwa akilia, na nilipotazama nyuma nikaona MaSibeko naye macho yamemjaa machozi, huku kidole gumba kinapima mshono.

Wakanivua, wakanivika gauni la maua, wakatupa jeusi motoni. Nalo likakataa. Lilikuwa na poliesta nyingi. Likajikunja, likatoa moshi wenye harufu ya ndoo iliyoungua, likayeyuka na kuwa donge. Dada Thoko alilichokoa kwa fimbo. "Eish, makoti," alisema, "wewe umevaa nini?" Ilibidi walizike lile donge nyuma ya choo. MaSibeko alininong'oneza sikioni, "Limefaulu."

Kitambaa kile kilipewa neno. Msimu uliofuata wasichana walijaa mitaani na sketi nyeusi, na mimi nikiwa nimesimama kwenye robot niliuona mwaka wangu ukivuka barabara kwa vicheko, ukila chipsi. Sikujua kama nifurahi au nifanyeje. Nilifurahi.

MaSibeko alistaafu, akarudi kwao Natal. Tulipigiana simu, kisha simu zikawa za sikukuu tu, kisha ikawa mimi napiga na mjukuu anapokea. Habari za kifo chake zilinifikia mazishi yakiwa yamekwisha kupita. Aliyenifundisha neno hilo hakuwa na mtu wa kufikiria kunipigia simu. Nilikaa siku nzima na mkasi wake, ule mnaouita mkasi wa bibi, na sikukata kitu.

Kijana Pillay akashika kiwanda. Si mtu mbaya. Vitambaa vikaanza kuja kutoka mbali, na cheti cha mashine inayosugua kitambaa mpaka kitoboke. Sitawadanganya, mashine mara nyingi ilikuwa sahihi, tena kwa haraka kuliko mapaja yangu. Aliniachia niendelee kuvaa kwa heshima ya baba yake, kama watu wanavyomwachia mzee achambue mchele. Neno lilikuwa linakuja limeshachapwa. Nilivaa sketi ambazo hukumu yake ilikuwa imekwisha kutolewa.

Lakini ndiyo miaka mliyofika ninyi. Alikuja kwanza kaka wa Kigoma aliyetengeneza cherehani, halafu kina mama wa Burundi, halafu Furaha kutoka Bukavu na Kiswahili chake cha kwao. Mimi niliyekuwa nimekaa miaka na miaka naota kwa lugha hii na kuamka bila wa kunijibu, ghafla nikawa nasikia mtu akiuliza chaki iko wapi kwa Kiswahili. Mlidhani nakuja mapema kwa sababu ya bidii. Nilikuwa nakuja kusikia mnavyosalimiana.

Sketi ya mwisho ni ya kijivu. Mnaijua, niliivaa siku ya keki. Furaha aliniuliza nikiwa nafungasha, "Mama Nomsa, ile sketi utaturudishia siku gani?" Nikamjibu, baridi ikiisha. Akasema kwa Kiswahili chake, "Basi njo vile, tutakungojea," yaani ndivyo itakavyokuwa. Sikuwahi kupewa ahadi nikaitunza kama hiyo.

Nimeivaa. Nimeivaa kwenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate, nimeivaa kwenda Bezuidenhout Valley kutazama maduka ambayo sina haja nayo, mradi nitembee. Lakini maduka yakitazamwa yanakwisha. Nomsa yuko Randburg na kazi yake na watoto wake. Hupiga simu, huniuliza kwa Kiingereza kama niko salama, nami humjibu kwa Kiswahili kwamba nipo. Husema, wewe ni mgumu, sina wasiwasi na wewe Ma. Ananisifu, najua. Lakini nimekaa na hilo neno la keki maisha yangu yote na naijua hatari yake: kitambaa kikishapata lebo ile, hakuna anayekipeleka tena dirishani.

Baridi iliisha. Sikusikia simu. Nikampigia mimi Furaha.

"Eish, Mama, utusamehe, kazi iko mingi," alisema, na nyuma yake nikasikia cherehani zote na mtu anacheka. "Kile kitambaa kilishakuya, majora yote. Lebo iko juu yake. Batoto batavaa tu."

"Basi sawa," nilisema. "Nilitaka kujua tu."

Nilipokata simu nilivua sketi, nikaipeleka dirishani mwenyewe. Nikaingiza mkono ndani, nikaitanua juu ya vidole kama nilivyofundishwa. Pindo zima. Mdomo wa mfuko mzima. Mshono wa ndani ya mapaja, ambao kwenye kila sketi niliyowahi kuvaa ndio uliotangulia kuchoka, ulikuwa kama umetoka mezani jana. Nikageuza nyuma. Makalio yalikuwa yanang'aa, yamelainika, mwanga unapenya katikati kama kwenye chandarua.

Maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kuona sketi iliyoisha kwa namna hiyo. Kwanza nililaumu kitambaa. Kisha nikaelewa. Sketi hii haikutembezwa, ilikaliwa. Nilikuwa najidanganya kwa zile safari za mkate. Nguo ilikuwa imeandika ukweli, kwamba nimekaa kwenye kiti kimoja, mahali pamoja, kutwa, mwezi baada ya mwezi. Niliona aibu kama mtu aliyefumaniwa, na ndani ya ile aibu kulikuwa na upweke ambao sikuwa nimekubali kuuita kwa jina lake. Naukubali sasa. Nina upweke, wanangu. Tena mwingi.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya kitambaa cha kijivu ni hii: sijui. Hakijajaribiwa. Aliyekivaa hakukitendea haki. Huenda ni kizuri kuliko vyote tulivyowahi kushona, huenda sivyo. Watoto watakivaa Januari, na wao wanaruka uzio na kukaa juu ya kuta, watatupa jibu. Lakini kama mnaweza, nataka kabla yao avae mtu mmoja.

Nimeitia sketi kiraka kwa ndani, nimeifua, nimeipiga pasi. Ningeweza kupanda teksi nikaileta, ni moja tu, na miguu yangu bado mizima. Sitaileta. Wala msimtume dereva, atakunja vibaya. Aje mmoja wenu, anayesimama kutwa na kukimbilia teksi jioni, aivae hapahapa nione inavyomkaa, aondoke nayo mwilini. Januari ikikaribia aje tena, tuitazame pamoja dirishani. Nitamwonyesha pa kuweka vidole.

Kengele ya mlango wa chini ni mbovu, na mlinzi hasikii vizuri. Simama tu barabarani, uniite kwa Kiswahili. Hakuna mwingine anayeitwa hivyo mtaa huu. Nitajua ni mimi.